Waridi la Alps linapoumwa: anza na jani lililotangulia kubadilika

Kila anayepata Rhododendron ferrugineum kwa mara ya kwanza huuliza swali lile lile: mbona majani yana kutu kwa chini? Hiyo si kutu. Ni magamba madogo sana yanayofunika upande wa chini wa jani. Jani likiwa changa huwa ya kijani inayoelekea manjano, na kadiri linavyozeeka yanageuka kahawia nyekundu. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, alipouandika mmea huu mwaka 1753 aliupa jina ferrugineum, neno la Kilatini la rangi ya kutu ya chuma. Kwa hiyo mmea umeibeba "dalili" ndani ya jina lake, na ni mzima kabisa. Nimeshuhudia watu wakiupulizia dawa ya kuvu wiki baada ya wiki kutibu ugonjwa ambao haupo, huku mizizi ikioza taratibu chini na hakuna aliyeifukua kuitazama.

Wenyeji wa Alps wanaozungumza Kijerumani huuita Alpenrose, yaani waridi la Alps, ingawa na waridi haina undugu wowote. Ni kichaka kifupi kisichopukutisha majani, mara chache hupita mita 1, chenye majani magumu ya sentimita 2 hadi 4 na vishada vya maua mekundu ya waridi yenye umbo la kengele. Kinaota Alps, Pyrenees na Jura, safu za milima ya Ulaya, hasa kati ya mita 1,600 na 2,200 hivi, kwenye miteremko yenye udongo mchachu (wenye tindikali) ambako theluji huchelewa kuyeyuka. Shika hayo manne na utaelewa karibu kila ugonjwa wake: udongo mchachu, maji yanayopita bila kutuama, mizizi iliyo juujuu, na blanketi la theluji wakati wa baridi kali. Ukikinyima kimoja, kitakuambia. Kazi ni kujua kinasemea wapi.

Kanuni yangu ni fupi. Kabla hujashika dawa yoyote, tafuta jani lililotangulia kubadilika. Ni changa la juu au zee la chini? Limeanzia ukingoni au katikati? Ni upande mmoja wa kichaka au kote? Maswali haya matatu yameniokolea mimea mingi kuliko chupa zote nilizowahi kununua.

Kwanza hakikisha ni yupi

Alps kuna mawaridi mawili yanayofanana ambayo wauzaji huyachanganya. La pili ni Rhododendron hirsutum. Tofauti yao si ya mapambo tu: ferrugineum hupenda udongo mchachu, hirsutum huota kwenye miamba ya chokaa na huvumilia kile kinachomuua mwenzake. Maana yake ni kwamba mtu anaweza kuhangaika mwaka mzima kuufanya udongo uwe mchachu kwa ajili ya mmea ambao haukuhitaji.

Chukua jani na ulielekeze kwenye mwanga. Hirsutum ina vinyweleo vinavyosimama ukingoni mwa jani kama kope za jicho, na chini ni kijani yenye nukta nukta. Ferrugineum haina kope. Ukingo wake umejikunja kidogo kwenda chini, na tumbo la jani zima limejaa rangi ya kutu. Ukiona dalili za wote wawili, vinyweleo vichache na kutu nusunusu, huenda una chotara wao, Rhododendron × intermedium, ambaye huota pale makazi ya wazazi wake yanapokutana. Huyo mtunze kama ferrugineum ila usiwe na hofu kubwa ya chokaa.

Yote yanayofuata ni ya ferrugineum.

Unga wa rangi ya chungwa chini ya jani

Nimesema magamba ya kahawia si ugonjwa. Ila kutu ya kweli ipo. Inaletwa na kuvu aitwaye Chrysomyxa rhododendri, na anayeijua hachanganyi. Funga kitambaa cheupe kidoleni, sugua chini ya jani. Magamba hubaki mahali pake, labda kitambaa kichafuke kidogo. Kutu ya kweli huacha unga wa manjano au chungwa, na ukiligeuza jani utaona kwa juu madoa ya manjano yanayolingana na vipele vya chini.

Kuvu huyu ana nyumba mbili. Maisha yake mengine huyaishi kwenye mti wa Picea abies, wa jamii ya misonobari, ambao sindano zake za mwaka huo hugeuka manjano. Kuna miaka misitu mizima ya Alps huonekana kama imechomwa na jua mwishoni mwa kiangazi, kumbe ni yeye. Kama huna Picea karibu, tatizo mara nyingi huwa dogo. Chuma majani yenye unga, yachome au yatupe mbali, achanisha matawi yaliyosongamana ili upepo upite, na acha kumwagia maji juu ya majani jioni. Sioni haja ya dawa hapa, isipokuwa kwa anayekuza miche mingi mahali pamoja.

Majani ya manjano

Hili ndilo linalowaleta wengi, na ndilo linalotibiwa vibaya kuliko yote, kwa sababu "manjano" ni neno moja lenye maradhi manne au matano ndani yake.

Majani machanga ya ncha yanapokuwa manjano huku mishipa ikibaki kijani kibichi kama ramani ya mito, mmea umekosa madini ya chuma. Angalia vizuri maneno yangu: aliyekosa ni mmea, si udongo. Udongo unaweza kuwa na chuma tele, lakini pH (kipimo cha uchachu; namba ikiwa ndogo, uchachu ni mwingi) ikipanda, chuma hujifunga katika hali ambayo mizizi haiwezi kukinywa. Kichaka hiki hujisikia nyumbani kwenye pH ya 4.5 hadi 5.5. Ikikaribia 7, majani mapya yanatoka yamepauka, na kadiri miezi inavyokwenda yanatoka meupe kabisa, yakiungua kingo.

Basi swali la maana ni: chokaa imetoka wapi? Mimi huanza na birika. Kama birika lako la kuchemshia maji lina ukoko mweupe ndani, maji yako yana chokaa, na kila ukimwagilia unakitilia mmea dozi ndogo. Maji ya mvua ndiyo tiba, hayana mshindani. Yasipopatikana, chemsha maji, yaache yapoe na chokaa itue, kisha mimina ya juu. Hupunguza sehemu ya chokaa, si yote.

Mtuhumiwa wa pili ni kokoto. Watu husikia "mmea wa milimani" wakatandaza kokoto nzuri nyeupe kuzunguka shina, wakijua wanaiga mlima. Chukua kokoto moja, ipanguse vumbi, idondoshee siki. Ikichemka kwa vipovu, hiyo ni chokaa, na kila mvua inaipeleka kwenye mizizi. Iondoe yote, si nusu. Wa tatu ni ukuta: kichaka kilichopandwa chini ya ukuta uliopigwa lipu ya saruji hudondoshewa chokaa kila mvua inaponyesha, na utaona upande unaoelekea ukuta ndio uliotangulia kupauka. Wa nne ni majivu. Najua majivu hupendwa sana bustanini, na kwa mboga nyingi yanafaa. Kwa huyu ni sumu ya polepole.

Tiba ina hatua mbili, ya haraka na ya kudumu. Ya haraka ni mbolea ya chuma ya aina ya keleti, ambayo chuma chake kimeshikwa na kemikali inayokizuia kujifunga udongoni. Soma karatasi ya pakiti: yenye herufi EDDHA hufanya kazi hata kwenye udongo wenye chokaa, wakati EDTA huvunjika pH ikipita 6.5 hivi. Majani mapya ndiyo yatakayokuonyesha matokeo. Ya zamani huenda yasirudi kijani, usiyasubiri. Ya kudumu ni kushusha pH kwa unga wa salfa, ambao lazima ugeuzwe kwanza na bakteria wa udongo, kwa hiyo hesabu miezi, si siku. Usitumie salfeti ya aluminiamu hata kama ndiyo iliyopo dukani kwa ajili ya maua ya haidranjia: aluminiamu huijeruhi mizizi ya jamii hii. Na siki uliyotumia kupima kokoto iishie kwenye kokoto. Kumwagilia mmea siki hubadilisha udongo kwa muda mfupi sana, na bado inaunguza.

Sasa geuza kanuni. Kama manjano yameanza kwenye majani mazee ya chini, hilo si tatizo la chuma. Yakiwa manjano kati ya mishipa, kuanzia kingoni, tuhumu upungufu wa magnesi. Yakipauka jani zima kwa usawa na mmea mzima ukiwa umedumaa, ni naitrojeni. Hapo uliza kama umetandaza vumbi la mbao bichi: vijidudu vinavyoliozesha hunyonya naitrojeni ya juu ya udongo, na mizizi ya kichaka hiki iko pale pale juu. Badala yake tandaza magome ya msonobari yaliyokwisha kuoza kiasi.

Na kama ni majani machache tu ya ndani, yaliyo chini ya kivuli cha mengine, yanayogeuka manjano na kuanguka baada ya msimu wa kukua, acha. Mmea usiopukutisha haimaanishi jani linaishi milele. Linazeeka, linaondoka.

Kunyauka

Kichaka kilichonyauka kina kiu au kimezama, na kwa macho huwezi kujua ni kipi. Ndiyo maana mtu anakiona kimelala, anakimwagilia, kesho kimelala zaidi, anaongeza maji, na ndani ya wiki mbili amekizika.

Mmea huu hauna vile vinyweleo vya mizizi ambavyo mimea mingine hutumia kunywa. Badala yake una mizizi myembamba kama nywele za mtoto, iliyojazana sentimita chache kutoka juu, ikisaidiwa na kuvu rafiki wanaoishi ndani ya seli zake. Mizizi ya namna hiyo hukauka haraka na kuoza haraka. Haina akiba.

Nitasimulia kosa langu mwenyewe. Nilipanda kichaka kimoja kama kilivyotoka kwenye chombo chake, bonge la mizizi limebana, nikalizungushia udongo mpya mzuri, laini, uliochanganywa na mchanga. Nikamwagilia kila siku. Udongo ulikuwa na unyevu, nikiuchimba kwa kidole naukuta mbichi, lakini mmea unanyauka. Niliamini ni kuoza, nikapunguza maji, hali ikawa mbaya zaidi. Mwishowe niliking'oa na kulipasua lile bonge kwa kisu. Ndani lilikuwa kavu, jepesi, rangi ya kahawa iliyokaangwa, na tone la maji nililolidondosha lilikaa juu yake limeviringika kama zebaki. Maji yote niliyomwagilia yalikuwa yakipita pembeni kwenye udongo mpya, na mizizi haikuwa imetoka hata sentimita moja nje ya bonge la zamani.

Kwa hiyo kipimo cha kidole hakitoshi. Kama mmea uko kwenye chombo, uinue: chombo chepesi kupita kiasi hakidanganyi. Kama uko ardhini, pima unyevu ndani ya bonge lenyewe, karibu na shina, si kwenye udongo wa pembeni. Likiwa kavu, lizamishe bonge zima kwenye ndoo ya maji ya mvua. Vipovu vitapanda. Liache mpaka vikome, kisha chambua mizizi ya nje kwa vidole kabla ya kupanda, upasue pembeni mara tatu nne kwa kisu ikiwa imejizungusha. Inatia huruma kuifanyia hivyo, lakini mizizi iliyochanwa hutoka nje kutafuta udongo mpya. Iliyoachwa imejizungusha hubaki imejizungusha.

Bonge likiwa limelowa na mmea bado umenyauka, nenda shingoni, pale shina linapoingia udongoni. Kwangua gome kidogo kwa ukucha au ncha ya kisu. Chini ya gome zima ni kijani mbichi au krimu. Ukikuta kahawia inayoelekea wekundu, na ukiifuatilia inashuka kwenda mizizini, na mizizi yenyewe ni laini inayobambuka ganda ukiivuta, hiyo ni Phytophthora. Viumbe hawa hufanana na kuvu lakini si kuvu. Mbegu zao huogelea ndani ya maji, na udongo unaotuama ndio barabara yao. Sitakupa matumaini hapa: ugonjwa ukifika shingoni mmea hauponi. Ng'oa pamoja na udongo wake, usitupe kwenye lundo la mboji, osha koleo, na usipande mmea wa jamii hii mahali hapo. Ukitaka kupanda jirani, panda juu ya kichuguu cha udongo ulioinuliwa sentimita 20 au 30, maji yashuke.

Jamaa mmoja wa Phytophthora hushambulia kwa juu badala ya chini: P. ramorum. Jani huwa jeusi kuanzia kwenye kikonyo, weusi ukifuata mshipa wa kati. Uingereza, kwa mfano, sheria inataka ukishuku ugonjwa huo utoe taarifa kwa mamlaka ya afya ya mimea. Usikate vipande ukampelekea jirani akuambie ni nini, piga picha.

Ukivua gome ukakuta utando mweupe wenye harufu ya uyoga, ni kuvu wa Armillaria, na mara nyingi chanzo ni kisiki cha mti mkubwa kilichozikwa karibu. Kisiki hicho nacho kichimbuliwe.

Kuna sababu moja zaidi ambayo huwa siisahau kwa sababu ni ya kijinga na ya kawaida: shina lililozikwa. Mtu anapanda, anasawazisha, anatandaza matandazo mpaka yanagusa matawi. Shingo ya kichaka hiki inataka hewa. Juu ya bonge la mizizi paonekane kidogo, na matandazo yaanze upana wa vidole vinne kutoka kwenye shina.

Kingo za majani zimekauka

Tazama upande. Kama ni majani ya upande mmoja tu, ule unaopigwa na upepo au jua la asubuhi wakati wa baridi, hicho ni kiu cha baridi: udongo umeganda, mizizi haiwezi kunywa, lakini jani linaendelea kupoteza maji. Huko Alps theluji hukifunika kichaka kipindi chote hicho, na matawi yanayochomoza juu ya theluji ndiyo yanayokufa. Ndiyo sababu mmea uliozoea mlima wenye baridi ya kutisha unaweza kufa katika bustani isiyo na baridi sana ila isiyo na theluji. Funika kwa matawi ya msonobari kabla ya baridi kali, na umwagilie vizuri kabla ardhi haijaganda. Usikimbilie kukata matawi ya kahawia. Kwangua gome, na ukiona kijani, subiri mpaka chipukizi zitoke.

Kama kingo zimeungua kote, hasa kwenye majani mapya, na juu ya udongo kuna ukoko mweupe, ni mbolea. Mmea wa udongo fukara haulishwi kama mahindi. Suuza chombo kwa maji mengi ya mvua yatoke chini, rudia mara mbili tatu, na msimu ujao toa nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye mfuko, ya aina ya mimea ya udongo mchachu.

Mahali pa joto kuna kisa cha tatu: chombo cheusi cha plastiki juani. Shika ubavu wa chombo saa nane mchana. Ukiunguza kiganja, mizizi nayo inaungua. Chombo cha udongo wa kufinyanga, kivuli cha mchana, jua la asubuhi, na matandazo mazito husaidia. Lakini mmea huu umezoea usiku wa baridi, na pale ambapo usiku hubaki na joto miezi yote, hautanawiri hata ukiutunza kama yai.

Hakuna maua

Matumba ya maua ya mwaka huu yalitengenezwa kiangazi cha mwaka jana, kwenye ncha za matawi. Basi ukitafuta kosa, litafute mwaka jana.

Je, ulipogoa lini? Ukipogoa mwishoni mwa msimu au kabla tu ya kuchanua, umekata maua yenyewe. Wakati salama ni mara maua yanaponyauka. Je, kiko kivulini? Huko nyumbani kwake kinaota mteremkoni wazi. Chini ya mti mkubwa kitatoa majani tu. Je, kina majani ya kijani mazito, matawi marefu, na hakuna tumba hata moja? Umekipa naitrojeni nyingi. Na je, ni mche uliotokana na mbegu? Huo utachukua miaka kadhaa kabla ya ua la kwanza, hauumwi chochote.

Kama matumba yapo lakini hayafunguki, chukua moja. La maua ni nene, la majani ni jembamba. Lipasue katikati kwa wembe. Ndani pakiwa kijani au waridi, lina uhai, subiri. Pakiwa kahawia na tumba ni laini kwa nje, baridi ya kuchelewa imeliua. Lakini likiwa limekauka, kahawia au kijivu, na juu yake pamesimama vijiti vyeusi vidogo kama vichwa vya pini, ni ugonjwa wa kuvu, Seifertia azaleae. Huu huwasumbua zaidi rhododendron wakubwa na machotara wa bustanini kuliko kichaka chetu, kwa hiyo kama una wakubwa hao jirani, waangalie wao kwanza. Matumba yaliyokufa hayaanguki. Yanabaki tawini mwaka na zaidi yakisambaza mbegu. Yavunje moja moja, uyachome.

Matufaha yasiyo matunda

Mtu anaona kivimbe laini, cha mviringo, kijani iliyopauka chenye shavu jekundu, kimebebwa na jani kama tufaha dogo, na anafurahi kwamba mmea umezaa. Ni kuvu, Exobasidium rhododendri. Tunda la kweli la mmea huu ni kibonge kikavu chenye mbegu ndogo kama vumbi. Kivimbe kikigeuka cheupe, kama kilichonyunyiziwa unga, kinatoa mbegu za kuvu. Basi kikate kikiwa bado kinang'aa. Ubaya wake ni wa sura tu. Sijawahi kuona kichaka kilichokufa kwa sababu hiyo.

Kingo zimekatwa kama kwa koleo la tiketi

Hapo ni fukusi wa mizabibu, Otiorhynchus sulcatus. Mpevu ni mweusi mkavu, karibu milimita 9, mwenye mabaka hafifu ya manjano, haruki, na hula usiku. Wote ni majike na hawahitaji dume kutaga, kwa hiyo mmoja aliyeingia na chombo kipya anatosha kuanzisha ukoo. Tandaza shuka jeupe chini ya kichaka, nenda saa tatu usiku na tochi, tikisa. Watadondoka na kujifanya wamekufa.

Lakini mashimo ya majani ni kero tu. Wanaoua ni mabuu: weupe wa krimu, wamejikunja kama herufi C, kichwa cha kahawia, hawana miguu, wanakula ile mizizi myembamba na kisha gome la shingoni. Kichaka kinachonyauka ghafla, ukakishika na kikayumba kama kigingi kilicholegea, kina mabuu. Mimina udongo juu ya gazeti uwahesabu. Tiba nzuri ni nematodi, minyoo wasioonekana kwa macho wanaomwingia buu na kumwua: Steinernema kraussei hufanya kazi hata udongo ukiwa na nyuzijoto 5, wakati aina ya Heterorhabditis hutaka kama 12 na kuendelea. Udongo uwe na unyevu kabla na baada, la sivyo umemwaga pesa.

Katikati pamekuwa kipara

Kichaka kikizeeka matawi hulala nje na katikati pakabaki vijiti vitupu. Hii si maradhi. Tawi linaloangukia udongo mara nyingi huota mizizi lenyewe, nawe unaweza kulisaidia: likwangue kidogo upande wa chini, lifunike kwa udongo mchachu, liwekee jiwe lisilo la chokaa juu. Baada ya mwaka mmoja au miwili likate kutoka kwa mama ulipande. Hiyo ni njia bora kuliko kwenda kuchimba mmea wa porini, ambao mizizi yake hubaki mwambani na kuvu rafiki nao hubaki huko.

Unapopogoa, usiyatupe matawi mahali mbuzi au kondoo wanapopita. Mmea huu una sumu ya greyanotoksini. Mnyama aliyeula hutoka mate mengi, hutapika, huyumba miguu. Ukiona hivyo mwite daktari wa mifugo, na mpelekee kitawi kimoja akione.